Tazama Bega, Si Glavu

Kijana anayeanza ndondi hapa Amagoro, Malaba au Busia hukodolea macho glavu za mpinzani. Glavu ikianza kusogea, ameshachelewa. Konde huanzia mguuni, likapita kiunoni na begani kabla mkono haujanyooka. Kwa hivyo macho yatulie kifuani, katikati ya mabega. Bega likirudi nyuma kidogo au kisigino kikiinuka, konde liko njiani. Kunja magoti, sogeza kichwa pembeni kidogo tu, mikono ibaki juu.

Mazoezi hayahitaji pesa. Funga kamba usawa wa mabega, mti hadi mti, upite chini yake ukiinama kushoto na kulia. Kisha mwenzako akurushie makonde polepole. Kufumba macho ndiyo tabia ngumu zaidi kuacha.

Wapo wanaodhani kukwepa ni woga. Robert Wangila, Mkenya pekee aliyeshinda dhahabu ya ndondi Olimpiki, Seoul 1988, alifariki mwaka 1994 kwa majeraha ya kichwa aliyopata ulingoni Las Vegas. Ukipigwa kichwani kisha uhisi kizunguzungu, uumwe na kichwa au utapike, acha mazoezi na uende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama baada ya dakika 10 unajiona mzima.