Ukuta ni Mmoja, Jua Si Moja

Juma hili tupande mlima hadi Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai karibu na Amani, Usambara ya Mashariki. Tuseme umehamia huko kikazi, ukaonyeshwa kota ya pacha: familia mbili chini ya paa moja, ukuta wa kati mmoja, vyumba sawa, kodi sawa. Unaambiwa uchague upande. Wengi wetu hutazama rangi, vitasa na umbali wa bomba la maji. Jua hatulitazami, na hapo ndipo tunapokosea.

Kwamkoro si Dar es Salaam. Iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya huko hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mjini tunalikimbia jua; kule watu hulitafuta. Nguo zisipokauka, godoro likivuta unyevu na kuvu ikitambaa ukutani, wa kwanza kukohoa ni watoto.

Basi jua lapita wapi? Vitabu vingi vya bustani viliandikwa Ulaya, navyo husifu bustani inayotazama kusini. Kwao ni kweli, maana kule jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko kusini ya Ikweta. Kwamkoro iko kama digrii 5. Jua hutupitia utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba. Lakini tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba huchomoza, hupanda na kutua likiwa upande wa kaskazini. Maana yake, kwa miezi sita ukuta unaotazama kusini haupigwi na jua hata dakika moja. Na miezi hiyo ndiyo ya masika na kipupwe, mvua na baridi.

Turudi kwenye kota yetu. Ikiwa imetazama mashariki au magharibi, familia moja ina ukuta wa pembeni wa kaskazini, na ya pili ina wa kusini. Mwezi Juni, saa sita na nusu mchana, ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1.5 kuelekea kusini. Kama uwanja wako wa pembeni una upana wa mita 2, mboga zako zimo kivulini. Jirani anachuma sukuma wiki. Wewe unachuma kuvu. Desemba mambo hugeuka, lakini kivuli hicho ni cha mita 1 tu, na baridi imekwisha.

Ikiwa nyumba imetazama kaskazini au kusini, familia zote mbili hugawana jua la kaskazini sawasawa. Tofauti ni kwamba mmoja hupata jua la asubuhi ubavuni, mwingine la alasiri. Hapo mlima ndio mwamuzi. Penye kilima upande wa mashariki, au ukungu unaochelewa kuondoka, mwenye ubavu wa magharibi ana nafuu.

Kwa hiyo kabla ya kupokea ufunguo, nenda mara tatu: saa tatu asubuhi, saa sita na nusu, na saa kumi alasiri. Simika kijiti bustanini, utazame kivuli chake. Ukienda Januari usidanganyike, jua liko kusini. Tazama kaskazini kuna nini: mti mkubwa, kilima au jengo? Gusa ukuta wa kusini kwa ndani. Kisha mwulize jirani nguo zake huchukua siku ngapi kukauka mwezi Julai.

Na kama uliobaki ni upande wa kusini? Nyanya na kabichi zipande mbali na ukuta, palipo wazi. Kivulini weka iliki, ambayo Usambara hustawi chini ya miti ya msitu. Kamba ya nguo ihamishie mbele au nyuma ya nyumba, na madirisha uyafungue kila jua litokapo.

Rangi hupakwa upya, kitasa hubadilishwa. Lakini nyumba ikishasimama, haigeuzwi ilikotazama. Tukutane tena juma lijalo.