Swichi: Tarishi wa afisi anayesadiki kila anwani aonyeshwayo

MNAMO Novemba 2002, madaktari wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, walilazimika kurejelea kalamu na karatasi. Kwa takriban siku nne, mtandao wa tarakilishi wa hospitali hiyo uliyumba. Ulirejea kidogo, kisha ukazama tena. Maagizo ya dawa yaliandikwa kwa mkono, nayo makaratasi yakapelekwa kutoka idara moja hadi nyingine na wafanyakazi waliotumwa kwa miguu.

Huo haukuwa uhalifu wa mitandaoni wala hitilafu ya umeme. Kilichoporomoka ni utaratibu unaozuia ujumbe kuzunguka bila kikomo miongoni mwa visanduku viitwavyo swichi.

Visanduku vya aina hiyo vimo katika afisi, benki, shule na mikahawa ya intaneti humu nchini. Vina matundu ya kuchomekea nyaya na taa ndogo zinazomemeta, na aghalabu hufichwa chini ya meza au ndani ya kabati. Wengi huviona kila siku, ila ni wachache wanaojua kazi yake.

Teknolojia inayotumiwa na swichi huitwa Itheneti. Ilibuniwa katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Mnamo Mei 22, 1973, Robert Metcalfe aliandika waraka wa kueleza wazo hilo, kisha akashirikiana na David Boggs kuunda mtandao wa kwanza. Ulipitisha biti milioni 2.94 kwa sekunde. Hivi leo, waya wa kawaida wa afisini hupitisha biti bilioni moja kwa muda huohuo.

Wakati huo, tarakilishi zote ziliunganishwa kwenye waya mmoja mnene. Iliyotaka kutuma ujumbe ilisikiliza kwanza iwapo waya umenyamaza. Mbili zikituma kwa pamoja, ujumbe uligongana na kuharibika, nazo zikangoja kwa muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena.

Kwa kuwa kila tarakilishi ilisikia kila kilichopita kwenye waya, ilibidi pawepo njia ya kutambua ujumbe ni wa nani. Anwani za mwanzo zilikuwa za biti 8 pekee, zisizotosha hata tarakilishi 300. Mnamo 1980, kampuni za DEC, Intel na Xerox zilitangaza kanuni mpya yenye anwani za biti 48. Idadi ya anwani zinazoweza kupatikana kwa biti hizo inazidi trilioni 281.

Anwani hiyo, ijulikanayo kama anwani ya MAC, huandikwa kwa alama 12, yaani tarakimu 0 hadi 9 pamoja na herufi A hadi F. Kwa kawaida, nusu ya kwanza humtambulisha mtengenezaji, naye huipata kutoka kwa taasisi ya wahandisi ya IEEE. Nusu ya pili hutolewa na mtengenezaji mwenyewe. Lengo ni pasiwe na vifaa viwili vyenye anwani moja.

Baadhi ya watu huchanganya anwani ya MAC na ile ya IP. Tofauti yake ni kama ile iliyopo kati ya nambari ya kitambulisho na makazi. Mtu akihama kutoka Kisumu hadi Mombasa, nambari ya kitambulisho chake haibadiliki ilhali makazi yake hubadilika. Anwani ya IP hutumiwa kuvusha ujumbe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ile ya MAC hufanya kazi ndani ya mtandao mmoja tu, na ujumbe unapovuka kifaa kiitwacho ruta, bahasha ya Itheneti huvuliwa na nyingine mpya ikavishwa.

Mpangilio wa bahasha hiyo ni rahisi. Hutangulia anwani ya mpokeaji, ikafuata ya mtumaji, kisha aina ya ujumbe, na ujumbe wenyewe usiozidi baiti 1,500 kwa kawaida. Mwishoni huwekwa baiti nne za kukagua iwapo kuna kilichoharibika njiani.

Ili kuelewa kazi ya swichi, na tumfikirie tarishi aliyeajiriwa leo katika afisi asiyomjua mtu hata mmoja. Hakupewa orodha ya majina wala ramani ya vyumba. Barua ya kwanza inatoka chumba cha 3, imeandikwa kuwa yatoka kwa mhasibu na yaenda kwa mkurugenzi. Tarishi anaandika daftarini kwamba mhasibu yuko chumba cha 3. Kwa kuwa hajui aliko mkurugenzi, anatoa nakala na kuzipeleka katika vyumba vyote vingine. Asiyehusika anaitupa. Mkurugenzi anajibu kutoka chumba cha 7, naye tarishi anaandika hilo pia. Tangu hapo, barua za wawili hao hupita moja kwa moja bila kuwasumbua wengine.

Hivyo ndivyo swichi ifanyavyo, tena mara nyingi mno kwa sekunde. Hujifunza kwa kusoma anwani ya mtumaji, na huamua njia kwa kusoma anwani ya mpokeaji. Kifaa kisiposikika kwa muda, ambao kwa kawaida ni sekunde 300, jina lake hufutwa daftarini. Kwa njia hiyo, tarakilishi ikihamishwa meza, swichi haiendelei kupeleka ujumbe kwenye tundu lisilo na mtu.

Utaratibu huu ulianza katika vifaa vya kuunganisha mitandao vilivyobuniwa na kampuni ya DEC katika miaka ya 1980. Mnamo 1990, kampuni ya Marekani iitwayo Kalpana iliuza swichi ya kwanza ya Itheneti. Kabla ya swichi kuenea, afisi nyingi zilitumia habu, kifaa ambacho hurudufisha kila ujumbe katika matundu yote bila kuchagua. Swichi iliondoa msongamano huo, na kwa kuwa hujifunza yenyewe, mnunuzi hahitaji kuipa maagizo yoyote.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama yake. Tarishi huyu husadiki anachokiona, wala hana mazoea ya kuuliza.

Hatari ya kwanza ni kitanzi. Mfanyakazi anayepanga meza anaweza kuona waya unaoning'inia na kuuchomeka katika tundu lililo wazi, asijue kwamba ncha ya pili tayari imo katika swichi ileile. Tangazo linaloelekezwa kwa vifaa vyote likitokea, swichi hulitoa kupitia kila tundu, likarejea kupitia waya huo, likatolewa tena. Bahasha ya Itheneti haina hesabu ya mara ngapi imepita, kwa hivyo hakuna kinachoisimamisha. Nakala huongezeka hadi mtandao mzima unakwama.

Dawa ya tatizo hilo ilitolewa na Radia Perlman, aliyekuwa akifanya kazi DEC, mnamo 1985. Katika utaratibu wake, swichi huzungumza zenyewe kwa zenyewe, zikachagua moja iwe shina, kisha kila moja ikatafuta njia fupi ya kulifikia shina hilo. Njia za ziada hufungwa, na hufunguliwa tu ile inayotumika inapokatika. Matokeo yake ni umbo la mti, na matawi ya mti hayaungani tena mbele. Perlman alitunga hata shairi la kueleza kazi yake hiyo.

Ni utaratibu huu uliozidiwa nguvu kule Boston. Mtandao wa hospitali ulikuwa umepanuliwa kipande kwa kipande kwa miaka, hadi mlolongo wa swichi ukawa mrefu kuliko ule ambao utaratibu huo uliandaliwa kuudhibiti. Aidha, swichi nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hazina kinga hiyo kabisa.

Hatari ya pili ni uongo. Swichi haina njia ya kuthibitisha kwamba anwani ya mtumaji ni yake kweli, na programu ndogo yatosha kuibadilisha. Mhalifu anaweza kutuma maelfu ya anwani za kubuni hadi daftari likajaa. Swichi isiyolindwa ikishindwa kuandika majina mapya, huanza kusambaza ujumbe kila mahali kama habu, naye mhalifu akakaa na kusikiliza yasiyomhusu.

Kwa sababu hiyo, anwani ya MAC haifai kutegemewa kama kufuli. Simu zenyewe zimedhihirisha hilo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hujibunia anwani ya bahati nasibu zinapojiunga na mtandao wa Wi-Fi, ili mwenyewe asifuatiliwe. Msimamizi anayemfungia mtu nje kwa kutumia anwani hiyo huenda akamwona amerejea kwa anwani nyingine.

Kinga zipo, na si zote zinazohitaji fedha nyingi. Kuchora ramani ya nyaya na kuihifadhi, kutia alama kila waya, na kutochomeka waya ambao ncha yake ya pili haijulikani ni hatua zisizogharimu chochote. Kwa taasisi kubwa, swichi zenye uwezo wa kukata vitanzi na kuwekea kila tundu kikomo cha anwani ni bora kuliko zile za bei ya chini. Siri nazo zilindwe kwa kufumbwa kabla hazijatumwa, kwani tarishi huyu kazi yake ni kufikisha barua, si kumlinda mwenye barua.

Baada ya mkasa wa 2002, mkuu wa teknolojia katika hospitali ya Boston, John Halamka, aliamua kusimulia hadharani yaliyotokea ili taasisi nyingine zijifunze. Swichi za hospitali hiyo hazikuwa zimevunja kanuni hata moja. Zilikuwa zikitimiza kazi yake katika mtandao uliopanuka bila mwangalizi kuutazama wote kwa pamoja.