Watoto Wawili, Mpira Mmoja

Baba wengi wa kampi wananungunika: «Ninalipa franka, na mutoto anarudi na wimbo tu. Hata kuandika jina hajue!» Lakini angalia mama mwalimu wakati wawili wanapigania mpira. Hapigi, hasemi «nyamaza». Anainama, anashika mpira, anauliza: «Wewe uko na hasira? Na wewe je?» Kila mmoja anasema yake, kisha wao wenyewe wanatafuta namna ya kucheza. Mtoto mwenye kujua kusema «hasira» hana lazima ya kuuma mwenzake. Na hiyo ni masomo kweli, tena ya nguvu.

Kule Ypsilanti, Marekani, kuanzia 1962, watoto 58 wa maskini waliingia masomo madogo. 65 wengine hapana. Wale 58 walichagua kazi yao wenyewe, wakaeleza namna walivyoifanya, na mwalimu alitembelea mama zao kila juma. Walipofika miaka 40, wachache zaidi kati yao walikuwa wamekamatwa na polisi mara tano ao zaidi: 36 kwa 100, na wale wengine 55.

Basi papa, ukitoka mugodini na uchovu, na mutoto akuambie «niko na hasira», usimuchape. Umuulize ni juu ya nini.