Chekechea ya Mwambao: Mtoto Aanze kwa Lugha Aijuayo

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo yaeleweka upesi Rumonge, mji wa wavuvi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Lakini mtoto wa miaka minne au mitano, ambaye hajafikia umri wa shule ya msingi, akunjwe na nani, tena kwa lugha gani?

Swali hilo si dogo. Katika mitaa ya Waswahili ya Rumonge, wapo watoto wanaoamka na kulala kwa Kiswahili. Wafikapo darasa la kwanza humkuta mwalimu akifundisha kwa Kirundi, na baadaye huwangoja Kifaransa. Mtoto asiyeelewa hunyamaza. Akinyamaza hudhaniwa mzito. Akidhaniwa mzito huachwa nyuma. Tena, karo ya shule za msingi ilipofutwa nchini Burundi mwaka 2005, madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto wengi mno hapati nafasi ya kumtafuta aliyenyamaza.

Hapo ndipo ilipo kazi ya chekechea. Si kumkaririsha mtoto herufi kutwa nzima, bali kumzoeza kusema, kusikiliza, kuhesabu na kucheza na wenzake. Mwalimu aanze kwa Kiswahili anachokijua mtoto, kisha aingize Kirundi kidogo kidogo kwa nyimbo, hadithi na majina ya vitu, ili darasa la kwanza lisimkute mgeni.

Vifaa visiwe kisingizio. Kokwa za michikichi zafaa kuhesabia. Mchanga wa ufukweni ni ubao usiokwisha. Kipande cha wavu mkuukuu humfunza mtoto kufunga na kufungua. Ndoo ya maji safi na sabuni viwe mlangoni, kwani kipindupindu kimezuka mara nyingi katika mwambao huu, na kunawa mikono ni somo la kwanza.

Mfano mwema watoka Mombasa. Mwaka 1986 ilianzishwa huko chekechea ya madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa mwongozaji. Wanawake wa mtaa walifunzwa ualimu, vifaa vikatengenezwa kwa vitu vilivyopo, na wazazi wakashiriki katika uendeshaji. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Shule za Rumonge zaweza kuiga: chumba kimoja, mama wawili waliofunzwa, na kamati ya wazazi.

Saa nazo zifuate kazi za watu. Mitumbwi ya dagaa hurudi alfajiri, na akina mama huwa mbioni kununua na kuanika. Mlango wa chekechea ukifunguliwa mapema, mtoto hatazurura ufukweni kando ya maji. Na wakati wa mbalamwezi, taa za wavuvi zisipovuta dagaa vema na mitumbwi ikapumzika, ndipo akina baba waitwe mkutanoni.

Nyumbani nako kuna wajibu. Jioni, mama anapochambua dagaa, amwulize mwanawe amejifunza nini, naye amsikilize hadi mwisho. Mtoto aliyezoea kusikilizwa nyumbani hatanyamaza darasani.