Tunywe cha Kwetu, Lakini Kiwe Safi

Mtu mwenye busara hujiuliza maswali mawili kabla ya kutoa shilingi mfukoni. La kwanza: Je, kitu hiki ni chema? La pili: Fedha yangu ikitoka hapa, itakwenda kwa nani? Mkulima huyauliza maswali haya anaponunua jembe au mbegu, na karani huyauliza anaponunua viatu vya watoto. Lakini jioni, wakati watu wamekaa kilabuni na mazungumzo yamekolea, maswali hayo husahauliwa. Mtu huagiza bia kwa kutazama karatasi iliyobandikwa chupani, na chupa iliyosafiri kutoka Ulaya huhesabiwa kuwa bora kwa sababu tu imesafiri.

Makala haya si ya kuwashawishi wale wasiokunywa. Wako wengi ambao dini yao au nia yao imewakataza, nao wanastahili heshima. Maneno haya ni kwa yule anywaye kwa kiasi, ambaye angependa kujua kama glasi yake inamsaidia jirani yake au inamsahau.

UFUNDI WA WAZEE

Kutengeneza pombe si elimu iliyoletwa Kenya na meli. Kila sehemu ya nchi ilikuwa na kinywaji chake, kwa kadiri ya mazao ya ardhi yake. Huko pwani mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata kole na kukinga tembo katika kibuyu. Tembo hilo ni tamu likiwa bichi, na kesho yake limekwisha kuwa kali. Kwa hiyo tembo jema haliwezi kutoka mbali. Lazima linywewe karibu na mnazi wake.

Katika nchi ya Wakikuyu na majirani zao, muratina hutengenezwa kwa asali na maji, au kwa maji ya miwa. Tunda la mwegea hukatwa, hukaushwa na kuchemshwa, kisha hutiwa ndani ya kinywaji. Chachu hukaa katika nyuzi za tunda lile, na baada ya kazi tunda huanikwa na kuwekwa akiba kwa safari nyingine. Wazee hawakuwa na darubini ya kuitazama chachu, lakini walijua kuitunza.

Huko magharibi, unga wa mahindi huloweshwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke, halafu hukaangwa juu ya moto. Kisha huongezwa maji na kimea cha wimbi, na baada ya kuchachuka tena huwa busaa. Wazee hukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Lakini ufundi huo ulikuwa na sheria zake. Pombe ilikuwa ya harusi, ya mavuno, na ya kupatanisha watu waliogombana. Kijana hakukaa pamoja na wazee akanywa kama wao. Sheria hiyo ya heshima ilikuwa sehemu ya kinywaji chenyewe kama vile wimbi na asali.

BIA YA CHUPA NA VITA VYAKE

Bia ya chupa ilianza kutengenezwa Kenya mwaka 1922, wakati ndugu wawili walowezi, George Hurst na Charles Hurst, walipoanzisha kampuni ya Kenya Breweries jijini Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo alipokuwa akiwinda, na bia ikapewa jina la Tusker, yaani ndovu mwenye pembe. Hivyo kinywaji ambacho watu wengi hukiita cha kwetu kilianzishwa na wageni, na sehemu kubwa ya hisa za kampuni hiyo imekuwa mikononi mwa watu wa ng'ambo kwa miaka mingi. Hata hivyo shayiri yake imelimwa Narok, Molo na Timau, na mishahara ya wafanyakazi wake imelipwa hapa hapa. Basi mtu akisema “bia ya nyumbani”, na aseme anamaanisha jina, mwenye mali, au nafaka. Kwa mkulima, nafaka ndiyo jambo kubwa.

Mwaka 1998 kampuni ya South African Breweries ilifungua kiwanda Thika ili kuuza bia ya Castle. Vita vya biashara vikawa vikali, na wanywaji wengi wa Kenya wakashikamana na chupa waliyoizoea. Mwaka 2002 kampuni hizo mbili zilipatana. Wale wa kusini walifunga kiwanda cha Thika, na wale wa Kenya wakafunga kiwanda chao cha Moshi katika Tanzania, kila upande ukachukua asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenzake. Watu wengi walishangilia ushindi. Lakini wafanyakazi wa Thika walipoteza kazi, na mnywaji akapungukiwa na uchaguzi. Kupenda cha kwetu ni vizuri. Kupenda muuzaji mmoja peke yake ni jambo jingine. Kwa hiyo ilikuwa habari njema kwa wengi mwaka 2008, wakati kampuni ya Keroche ya Naivasha, iliyo mali ya Wakenya, ilipoanza kuuza bia yake ya Summit.

MTAMA WA NCHI KAVU

Tukitaka kuona jinsi glasi ya bia inavyoweza kufika shambani, tutazame mtama. Mwaka 2004 bia ya pipa iitwayo Senator ilianza kuuzwa kwa bei nafuu, ili mtu maskini apate kinywaji kilicho safi badala ya chang'aa. Serikali iliiondolea ushuru. Baada ya miaka michache mtama wa nchini ulianza kutumiwa katika kuitengeneza, na wakulima wa Kitui, Makueni na Tharaka wakapata soko ambalo hawakuwa nalo.

Mbegu iliyopendwa ni ile ya Gadam. Hukomaa upesi, kwa muda wa miezi mitatu hivi, na huvumilia ukame unaoua mahindi. Punje zake ni nyeupe na hazina uchungu, ndiyo maana zinafaa kwa bia. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ndege aina ya kweleakwelea huzipenda sana, na watoto na akina mama hulazimika kukesha shambani tangu alfajiri wakiwafukuza kwa makelele na kombeo.

Mwezi wa Oktoba 2013 Serikali ilipunguza msamaha wa ushuru hadi nusu. Bei ya bia ile ikapanda, mauzo yakashuka kwa zaidi ya nusu, na mtama haukutakiwa tena kama zamani. Mzee mmoja wa Tharaka alinieleza habari za msimu ule tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake. Alikuwa amelima ekari tatu kwa kutegemea ahadi ya mnunuzi, na magunia yake yakabaki ghalani mpaka yakaingia fukusi. “Mwanangu,” akasema, “mvua ikininyima mahindi, ninajua ni kazi ya Mungu. Lakini mtama huu Mungu alinipa, na watu ndio walioniacha nao. Binti yangu alirudi nyumbani kwa sababu ya karo.” Nikamwuliza kama yeye mwenyewe hunywa bia. Akacheka, akasema kuwa hajaionja tangu alipobatizwa. Lakini huwaombea heri wanaoinywa.

Mwaka 2015 msamaha ulirudishwa, ukafika asilimia 90, na soko likaanza kupata nguvu. Mwaka 2017 kazi ya kujenga upya kiwanda cha Kisumu ilianzishwa kwa gharama ya shilingi bilioni 15, na mtama wa magharibi ukapata mlango wake pia. Somo ni kwamba soko la mkulima hutegemea mambo mawili: sheria ya kodi, na mkono wa mnywaji. La kwanza huamuliwa Bungeni. La pili huamuliwa kila jioni mezani.

SUMU SI YA KWETU

Yuko mtu atakayesema: “Vya kwetu vinaua. Mimi nitakunywa cha Ulaya.” Hofu hiyo ina sababu. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika sehemu kadhaa za nchi, na mwezi wa Februari 2024 msiba kama huo uliwapata watu wa Kirinyaga.

Lakini na tuangalie ni nini kilichowaua. Si wimbi, si asali, wala si tembo la mnazi. Kinachoua ni methanoli, dawa ya viwandani ambayo wauzaji wenye tamaa huitia katika kinywaji ili kiwe kikali upesi. Dawa hiyo haikutoka katika chungu cha wazee. Ilitoka katika madumu ya kiwanda. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini hawa wametia sumu, nao hawafai kuitwa wagema.

Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo ilifuta ile iliyopiga chang'aa marufuku, ikataka watengenezaji wawe na leseni, kinywaji kipimwe, na asiyetimiza miaka 18 asiuziwe. Nia yake ilikuwa njema: kuutoa ufundi gizani ili uonekane. Ufundi unaojificha kichakani hauwezi kuaminiwa, hata kama ni wa baba zetu.

VIWANDA VIDOGO

Katika miaka hii ya karibuni wametokea watengenezaji wadogo wa bia, hasa Nairobi na viunga vyake. Sierra, 254 na Bateleur ni baadhi ya majina yaliyojulikana. Hawa hupika bia kidogo kidogo, na mpishi huweza kuiwekea asali, matunda au nafaka ya nchini. Bei yao ni ya juu, nasi hatutaficha hilo. Tena hata wao huagiza hopsi kutoka ng'ambo, kwa maana mmea huo hupenda nchi ambazo mchana wake wa kiangazi ni mrefu sana.

Hata hivyo wana faida moja ambayo chupa ya mbali haiwezi kuwa nayo. Bia si kama chuma; joto na mwanga huiharibu, na nyingi haziongezeki uzuri kwa kukaa. Chupa iliyovuka bahari, ikakaa bandarini, kisha ikasimama juani dirishani mwa duka, si ile iliyoondoka Ulaya. Anayekunywa karibu na pipa la mpishi hupata bia jinsi mpishi alivyoikusudia.

TUFANYE NINI?

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa mtu wa kunywa, uliza maneno machache kabla ya kulipa. Nani ametengeneza kinywaji hiki, na je, ana leseni? Nafaka yake imelimwa wapi? Imetengenezwa lini? Na je, fedha hii niliyo nayo mkononi ni yangu, au ni ya karo na chumvi? Swali hilo la mwisho ni kubwa kuliko yote, kwa sababu hakuna bia ya nyumbani inayoisaidia nyumba iliyolala njaa.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa mgeni waweza kuwa mzuri, na hakuna dhambi kuutazama. Lakini mbachao wako ndio ulioukalia siku zote, na aliyeufuma ni jirani yako. Mwambie aufume vizuri, mlipe haki yake, na akiufuma vibaya mwambie usoni bila kumficha. Yule mzee wa Tharaka hakuomba huruma ya mtu. Aliomba tu kwamba aliyeahidiwa mtama aje na mizani.