Daftari la Ukoo Usio wa Damu

Mwenzetu alipofariki, sisi sita tuliobaki wa darasa lile la chuo tulifanya yote yanayopasa. Tulimwosha, tukamsalia, tukamzika Usa River, tukachangia nyumba yake, kisha kila mmoja akarudi kwake: wawili hapa Sekei, wengine Sanawari na Ngaramtoni. Ukafuata mwaka mzima wa salamu za simu. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Huandika kumbukumbu za vikao vya watu kila juma, na nyumba ya mtu niliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu sikuwa nimeikanyaga tena tangu hitima. Habari kwamba mwanawe mkubwa ameacha madrasa, na shule anakwenda akijisikia, kwa kuwa huuza mayai ya kuchemsha kituo cha mabasi, niliipata kwa kijana wa bodaboda.

Usiku ule nilikifungua kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu, kilichotoka mwaka 1972, kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Chuoni tulikisoma kwa ajili ya mtihani, tukikariri nani alisoma kwa nani, na marehemu ndiye aliyekuwa hodari wa kukariri kuliko sote. Safari hii nilisoma taratibu.

Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait alizaliwa Itsandraa, Ngazija. Walikuwa takriban rika moja, na ilimu ikawakutanisha Unguja. Pamoja na kulingana kwao kwa umri, Sheikh Abdallah alimfanya Sayyid Ahmad kuwa sheikh wake. Jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiri, kwa maana leo vijana waliokaa dawati moja, mmoja akipewa mimbari, wenzake huanza kuswali msikiti mwingine. Sheikh Abdallah akasafiri hadi Hadramaut kuwafuata maulamaa wa huko, safari aliyoiandikia kitabu, na katika mtaa wa Ukutani, Mji Mkongwe, akaanzisha madrasa inayojulikana kwa jina lake. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Kilichonizuia usingizi ni habari ya watoto wao. Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir aliendelea kusomesha Ukutani baada ya baba yake. Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar, naye akasafiri Hadramaut na kuiandikia kitabu safari yake, kama alivyofanya rafiki wa baba yake. Farsy mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1912, aliwapata wana hawa wawili wakiwa masheikh wake. Ndiyo maana kitabu chake hutaja walimu wa mtu, kisha wanafunzi wake, ukurasa baada ya ukurasa, mfano wa daftari la ukoo ambalo damu si sharti la kuandikwa humo.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Usa River sote sita. Njiani tulizozana. Mmoja aliona tutume fedha tu kila mwezi, yatosha. Mwingine, seremala, akamwuliza kama baba yake naye alilelewa kwa simu. Wapo wasemao shule ya serikali haina ada siku hizi; sare, daftari na nauli hawazihesabu. Tulizihesabu mle garini, tukagawana kwa sita. Kisha tukakubaliana kwamba kila Jumamosi mmoja wetu atakwenda kumsomesha kijana, kwa zamu, kuanzia pale alipoachia baba yake.

Mama wa watoto alitupokea akiwa na shemeji yake. Hakutulaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Alileta chai, kisha akamwambia kijana alete vitabu vya baba vilivyokuwa sandukuni. Kilichotangulia kutoka ni Safinatun-Najaa, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Pembezoni mlijaa maelezo ya mwalimu wetu kwa hati za mikono minne au mitano, maana tulikuwa tukiazimana kitabu hicho kimoja.

Kijana alipofika mlango wa udhu aliweka kidole juu ya mstari ulioandikwa kwa wino mwekundu, akauliza ni nani aliyeuandika, kwani hati ile haikuwa ya baba yake.

Ilikuwa yangu.