Kushusha Pua ya Kombi

Kombi ya zamani ya Volkswagen iliyoshushwa mbele huvuta macho hata ikiwa imesimama. Tairi zimejificha nusu ndani ya bodi, bampa imekaribia lami, na gari zima linaonekana pana kuliko lilivyo. Wapenzi wake wa Ujerumani, Uingereza na Marekani wengi hulishusha hata kabla ya kulipiga rangi. Mimi kila nikiliona gari la namna hiyo huuliza jambo moja tu: hizo sentimita lilizoshuka zimepatikana wapi? Zinaweza kutoka sehemu mbili tofauti kabisa, na tabia ya gari barabarani hutegemea sehemu hiyo kuliko idadi ya sentimita.

Ili jambo hili lieleweke, tulale chini ya gari kidogo. Chini ya miguu ya dereva kuna mabomba mawili ya chuma, moja juu ya jingine, yaliyolala kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Springi za koili hakuna. Ndani ya kila bomba kuna bunda la vipande virefu vyembamba vya chuma cha springi, vimelaliana na kupakwa grisi. Katikati ya bomba bunda hilo limebanwa kwa skrubu nene lisiweze kugeuka. Kwenye ncha zake limeshikwa na mikono mifupi inayoelekea nyuma, na mikono hiyo ndiyo inayobeba gurudumu. Gurudumu likipanda jiwe, mkono huinuka na bunda husokoteka kama khanga inayokamuliwa. Jiwe likipita, chuma hujirudisha chenyewe mahali pake.

Springi za kusokoteka za namna hii ni kazi ya Ferdinand Porsche, aliyeziombea hataza mwaka 1931. Zilitumika kwenye Beetle, kisha kombi ikazirithi ilipoanza kuundwa Wolfsburg mwaka 1950. Anayedhani ni kitu dhaifu na akumbuke kwamba Beetle zilishinda Safari Rally yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na mawe, zikiwa na mabomba ya aina hiyo hiyo mbele.

Njia ya kwanza ya kushusha haigusi springi kabisa. Unabadilisha spindili, yaani kile chuma kinachobeba beringi za gurudumu. Katika spindili iliyotengenezwa kwa kazi hii, kile kishina zinapokaa beringi kimehamishiwa juu kwa takriban milimita 60. Gurudumu linapanda, bodi inashuka. Mikono inabaki kwenye pembe yake ya kiwandani, tairodi, yaani fimbo zinazounganisha stelingi na magurudumu, zinabaki zimelala zilivyokuwa, na gurudumu linabaki na nafasi yake yote ya kupanda na kushuka. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuanzia, na kwa wenye magari wengi ndipo pa kuishia.

Kuna mambo ya kuangalia. Spindili za kombi za kabla ya Agosti 1967, zenye kingpini, haziingiliani na zile za baadaye zenye bolijointi. Breki nazo lazima zilingane: kombi zilianza kupata diski za mbele kwenye magari yaliyoundwa kuanzia Agosti 1970, kwa hiyo mwenye ngoma asinunue spindili za diski akitegemea fundi atazilazimisha. Halafu tairi sasa iko karibu na bodi. Zungusha stelingi hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, uone kama inagusa. Ikigusa, wengi hukimbilia tairi nyembamba za gari dogo, na hapo ndipo ninapowasihi wasimame. Kombi yenye kitanda, makabati, jiko na tangi la maji ni gari zito. Kiwanda kiliivalisha tairi za mizigo kwa sababu hiyo. Soma alama ya uzito ubavuni mwa tairi kabla ya kusoma bei.

Njia ya pili ni kugeuza springi zenyewe. Bomba hukatwa katikati, pale palipo na skrubu, kisha kipande chenye skrubu hugeuzwa kidogo na kuchomelewa upya, au huwekwa kifaa chenye meno kinachomwezesha mwenye gari kupandisha na kushusha atakavyo. Mikono yote inageuka pamoja na bunda, na pua inashuka. Kazi hii inataka mchomeleaji hodari. Bunda litolewe nje kabla ya kuchomelea, kwa sababu chuma cha springi kikipata moto mkali hupoteza ugumu wake. Bomba la juu na la chini yageuzwe kwa pembe ile ile, la sivyo moja litabeba uzito na jingine litashindana nalo.

Hata ikifanywa vizuri, njia hii ina gharama yake. Tuseme gurudumu lilikuwa na sentimita nane za kupanda kabla mkono haujagonga raba ya kuzuia. Ukigeuza bunda ukashusha sentimita tano, zimebaki tatu. Tuta dogo tu, raba inagongwa, na pigo linakwenda moja kwa moja kwenye mabomba, kwenye chesisi na kwenye mgongo wa abiria. Shokapu za urefu wa kawaida hufika mwisho mapema zikavunjika, kwa hiyo fupi ni lazima. Tairodi nazo zimeinama sasa. Kila gurudumu linapopanda au kushuka, tairodi hulivuta au kulisukuma, na gari hupinda kidogo bila dereva kugusa stelingi.

Wapo wanaotoa baadhi ya vipande kwenye bunda ili gari likae chini. Sikubaliani na jambo hilo hata kidogo. Springi inalegea palepale inapohitajiwa zaidi, kwa kuwa nafasi ya kupanda nayo imepungua, na vipande vilivyobaki vinabeba mzigo ambao havikuundiwa.

Njia yoyote utakayochagua, kuna suala la mlalo wa gari lenyewe. Ukishusha mbele ukaacha nyuma, gari linainamia mbele. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,400. Ukishusha pua milimita 60, gari limeinama kwa karibu nyuzi moja na nusu. Zinaonekana chache, lakini ile pembe inayorudisha stelingi katikati baada ya kona, ambayo kiwandani yenyewe ni ya nyuzi chache tu, inapungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana kombi iliyoshushwa mbele peke yake hutangatanga kwenye barabara kuu, hasa upepo wa ubavuni ukiipiga bodi yake ndefu iliyo wima. Dawa ni kushusha nyuma pia.

Pima urefu watu wakiwa wamekaa. Dereva na abiria wa mbele wanakaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele, na uzito wao unashusha pua papo hapo. Jaza na tangi la maji.

Ujerumani badiliko kama hili hukaguliwa na kuandikwa kwenye hati za gari. Kwetu kipimo kikali zaidi ni barabara yenyewe: kwa matuta ya Dar es Salaam na Mombasa, ningeishia kwenye spindili na nisingegusa mabomba.

Kabla ya yote hayo, jeki gari na utikise magurudumu. Bolijointi iliyolika, pini ya katikati ya stelingi iliyolegea au bomba lililoliwa na kutu vishughulikiwe kwanza. Na kazi ikiisha, lipeleke likafanyiwe alaimenti, endesha siku chache, kaza nati zote tena, kisha rekebisha taa za mbele, kwa sababu pua imeshuka na mwanga wa taa sasa unaangukia karibu mno.